Kutuliza Maumivu ya Parkinson: Shilingi Yako Iende Wapi Kwanza?

Wengi wakisikia Parkinson huona mkono unaotetemeka. Nyumba yenye mgonjwa inajua zaidi ya hapo: bega lililoganda, kiuno kinachouma mtu akijigeuza kitandani, vidole vya mguu vinavyojikunja vyenyewe alfajiri. Maumivu yamo ndani ya ugonjwa wenyewe, na kwa baadhi ya watu bega huuma muda mrefu kabla mkono haujaanza kutetemeka. Wengine hutibiwa baridi yabisi kwanza, Parkinson ikaja kutambuliwa baadaye.

Penye maumivu muuzaji hakosi. Kuna masaji ya saluni na ya hoteli, madarasa ya yoga, sindano za Kichina, mashine za kutikisa miguu, mafuta ya kuchua yanayonadiwa stendi, na programu za simu zinazokata pesa kila mwezi. Zote huahidi kuulegeza mwili. Ahadi hiyo si ya uongo mtupu, kwa sababu wasiwasi humzidishia mgonjwa wa Parkinson tetemeko, humkaza misuli na kumnyima usingizi, na mwili usiolala huuma zaidi. Mwili ukitulia, mzunguko huo hulegea. Swali la mlipaji ni njia ipi inatuliza kwa bei anayoweza kuibeba mwaka mzima, maana ugonjwa huu hauishi mwezi ujao.

Jibu kwa ufupi, kwa asiye na muda wa kusoma yote: shilingi ya kwanza ni ya daktari na dawa zinazomezwa kwa saa zake. Baada ya hapo anza na mbinu za nyumbani zisizo na bei. Ukipata fedha, nunua vikao vichache vya fiziotherapia kwa lengo la kufundishwa, usiishie kuhudumiwa. Masaji yawe nyongeza. Vilivyobaki vingoje.

Kipimo: bei ya siku moja ya nafuu

Bei ya kikao kimoja hudanganya. Chukua mfano wa hesabu, kisha weka bei za mtaani kwako. Tuseme masaji ni shilingi 40,000 za Tanzania na bajaji kwenda na kurudi ni 10,000. Mara mbili kwa mwezi ni shilingi 100,000. Ikiwa kila mara nafuu inakaa siku mbili, umenunua siku nne kwa mwezi, kila moja shilingi 25,000.

Sasa tuseme fiziotherapia ni shilingi 25,000 kwa kikao, na nauli ni ileile 10,000. Vikao vinne ni shilingi 140,000, na kwenye karatasi vinaonekana ghali kuliko masaji ya mwezi mzima. Lakini kama mgonjwa ametoka na mazoezi anayoyafanya nyumbani kwa siku 90, kila siku ya mazoezi imegharimu kama shilingi 1,550. Hata akiyafanya nusu ya siku hizo tu, ni kama 3,100. Tofauti inatokana na ujuzi anaorudi nao nyumbani. Masaji huisha mkono wa mchuaji ukiondoka.

Kwenye hesabu hiyo ongeza gharama zisizoandikwa kwenye risiti. Mtoto au mke anayemsindikiza mgonjwa amepoteza siku ya kazi. Safari ndefu inaweza kuangukia saa ya kidonge, mgonjwa akafika akiwa amekakamaa na kikao kikaenda bure. Kubwa kuliko zote ni kuanguka: daladala iliyojaa, ngazi za jengo lisilo na lifti, sakafu ya bwawa yenye utelezi. Nyonga ikivunjika, akiba yote ya miaka imekwenda.

Kabla ya kulipa, jua ni maumivu yapi

Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson katika eneo la watu wapatao 161,000. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Mtu wa namna hii anaweza kuchuliwa miaka mitano bila kupata dawa ambayo ingempunguzia maumivu ndani ya wiki chache. Ndiyo maana daktari anatangulia.

Hata aliyekwisha kutambuliwa ana maumivu ya namna mbalimbali, na kila namna ina njia yake.

Ya kwanza, na ndiyo ya kawaida zaidi, ni ya misuli na viungo: bega, shingo, mgongo, kiuno. Hutokana na kukakamaa, mkao wa kuinama, na kiungo kukaa bila kutumika. Hapa mbinu za kulegeza mwili na mazoezi ndipo zinapolipa zaidi.

Ya pili ni ya misuli inayojikaza yenyewe, ambayo madaktari huita distonia. Mfano wake maarufu ni mguu unaopinda na vidole kujikunja asubuhi, kidonge cha usiku kilipokwisha nguvu. Kuchua na maji ya moto husaidia kidogo, lakini tiba ya msingi ni daktari kupanga upya muda au kiasi cha dawa.

Ya tatu ni ya mshipa wa fahamu uliobanwa: maumivu yanayoteremka kama umeme kutoka kiunoni hadi mguuni, pamoja na ganzi. Hayo yanahitaji uchunguzi, na kuyachua kwa nguvu kunaweza kuyachochea.

Ya nne hutoka kwenye ubongo wenyewe: kuungua au kuwashwa mahali pasipo na jeraha. Dopamini inayopungua katika Parkinson inahusika pia na jinsi ubongo unavyopima maumivu. Pumzi na taamuli huweza kumsaidia mtu kuyavumilia, lakini dawa hupangwa na daktari.

Ya tano ni kukosa utulivu: mtu hawezi kukaa, miguu inamsukuma aamke atembee. Usimlipie huyu darasa la kukaa kimya dakika 40. Mbinu zenye mwendo, kama taichi au kutembea kwa muziki, zitamfaa zaidi.

Njia ya kutambua haihitaji kipimo cha hospitali. Kwa wiki moja andika kwenye daftari saa ya kidonge, saa maumivu yanapoanza, mahali yalipo, na ukali wake kuanzia 0 hadi 10. Ikiwa maumivu hupanda kila kidonge kinapokaribia kuisha na kushuka kinaposhika, daftari hilo mpelekee daktari kabla hujanunua kitu chochote. Usijiongezee dawa wala kuacha ghafla: kukatiza levodopa kwa ghafla kunaweza kumletea mtu homa kali na kukakamaa kwa hatari. Levodopa pamoja na carbidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kuuliza kama hospitali ya serikali inayo, au kama bima inailipia, si kuomba hisani.

Mbinu zisizo na bei

Pumzi ya polepole. Vuta kwa puani ukihesabu sekunde nne, toa kwa sekunde sita. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano asubuhi na tano usiku zinatosha kuanzia. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini kuliwapunguzia watu wenye afya kasi ya kupumua hadi karibu mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakapata mpangilio bora. Haukuwahusu wagonjwa wa Parkinson, lakini una faida ya vitendo: mwenye rozari au tasbihi tayari ana chombo cha kuhesabia mkononi, na desturi ambayo haihitaji kukumbushwa. Gharama ni sifuri. Hatari ni ndogo: anayeona kizunguzungu apunguze kina cha pumzi, na afanye akiwa ameketi.

Kukaza na kulegeza misuli. Mbinu hii iliandikwa na Edmund Jacobson, daktari wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1929. Unakaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache, kisha unaachia na kusikiliza tofauti, kutoka miguuni hadi usoni. Imetafitiwa sana kwa wasiwasi na maumivu sugu kwa ujumla. Kwa maumivu ya Parkinson hasa, ushahidi bado ni mwembamba, na kuna mtego mmoja. Kukakamaa kwa Parkinson kunatoka kwenye ubongo, hakuondoki kwa kuamriwa. Kinachoweza kuondoka ni ule mkazo wa ziada ambao mtu anajiongezea kwa maumivu na wasiwasi. Tena, kwa mwenye distonia, kukaza kwa nguvu zote kunaweza kuita mkakamao ule ule anaoukimbia. Kaza kidogo tu, au ruka hatua ya kukaza uanze na kuachia.

Mbadala ni mbinu ya Mjerumani Johannes Heinrich Schultz, iliyochapishwa mwaka 1932, ambayo haina kukaza kabisa. Mtu hulala au hukaa akajisemea kimoyomoyo kwamba mkono wake ni mzito, kisha kwamba una joto, akihamia kiungo kimoja baada ya kingine. Kwa misuli inayopandwa na mkakamao ovyo, hii ndiyo iliyo salama zaidi kati ya hizo mbili.

Kuona kwa mawazo. Watafiti wa Israeli mwaka 2009 waliwasikilizisha wagonjwa 20 wenye tetemeko maelezo ya mahali patulivu, na tetemeko likapungua sana walipokuwa wakisikiliza. Muziki wa kutuliza nao ulisaidia, kwa kiwango kidogo. Walipima tetemeko, hawakupima maumivu, lakini mwili uliotulia ni uleule. Rekodi nyingi zinazouzwa ni za Kiingereza, na bibi asiyeijua lugha hiyo atakuwa anasikiliza kelele za upole tu. Mpe mjukuu simu amrekodie kwa Kiswahili dakika kumi: ufukwe wa Bagamoyo asubuhi, au shamba la kahawa baada ya mvua, popote bibi alipowahi kuwa na raha. Rekodi hiyo haina tangazo katikati wala haili bando. Mgonjwa anayeona vitu visivyokuwapo, jambo linalotokea kwa baadhi ya wenye Parkinson, asipewe mbinu hii bila ushauri wa daktari.

Joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, au kitambaa kilichokamuliwa, dakika 15 begani au kiunoni kabla ya kunyoosha viungo. Mlezi apime joto kwa kiwiko chake, na mgonjwa asilale juu ya chupa. Kuoga maji ya moto sana ni jambo jingine: Parkinson na dawa zake huweza kuteremsha presha mtu akisimama, na joto huiteremsha zaidi. Weka kiti bafuni, mtu ainuke polepole.

Kuchuliwa nyumbani. Mikono ya mke, mume au mtoto na mafuta yoyote yasiyowasha ngozi hufanya sehemu kubwa ya kazi ya masaji ya kulipia. Kanuni ni tatu: mikono ya joto, mgandamizo wa wastani, na kuacha papo hapo mgonjwa akisema panauma. Usikande mguu uliovimba upande mmoja na wenye joto. Huenda kuna damu iliyoganda, na huo ni wa kupelekwa hospitali.

Mbinu za bei ya kati

Fiziotherapia. Hospitali za rufaa na za mikoa zina vitengo vyake, na humo bei mara nyingi huwa chini kuliko kliniki binafsi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2017 juu ya Parkinson unashauri fiziotherapia kwa wenye shida ya mwendo au ya mizani. Kwa maumivu ya bega na mgongo, mtaalamu anaweza kutofautisha kukakamaa na bega lililoganda, akakupa mazoezi ya kunyoosha yanayokufaa wewe. Mwambie tangu siku ya kwanza: "Mtaalamu, nina uwezo wa vikao vinne. Nataka nikitoka hapa nijue la kufanya kila siku nyumbani." Mwende na mlezi, na umwombe mtaalamu ruhusa ya kumrekodi kwa simu akionyesha zoezi. Mwenye kifaa cha umeme kilichopandikizwa kwenye ubongo aseme kabla hajaguswa, maana tiba ya joto ya mashine ya mawimbi ni hatari kubwa kwake.

Taichi. Mwendo wa polepole unaounganisha pumzi na uzito wa mwili. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, uliwagawa watu 195 wenye Parkinson katika makundi matatu, saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Waliofanya taichi walipata mizani bora kuliko makundi mengine, na walianguka mara chache kuliko waliofanya kunyoosha viungo pekee. Lengo halikuwa maumivu. Hata hivyo, kwa mlipaji, njia moja inayotuliza na kupunguza kuanguka ina thamani mara mbili. Tatizo letu ni walimu, nao hupatikana zaidi mijini. Video zipo bure, lakini mwanzo uwe na mtu pembeni na kiti kizito mbele.

Yoga. Mwaka 2019 watafiti wa Hong Kong walilinganisha yoga ya kuzingatia pumzi na fikra na mazoezi ya kunyoosha na ya nguvu kwa watu 138 wenye Parkinson, wiki nane. Kwa mwendo, makundi yote mawili yalifanana. Kwa wasiwasi na huzuni, yoga iliongoza. Hii inakuelekeza pa kuitumia: kama maumivu yanakwenda sambamba na hofu na kukosa usingizi, yoga inastahili shilingi yako; kama shida ni bega tu, fiziotherapia inatosha. Chagua mwalimu anayekubali kufundisha kwa kiti. Darasa la vijana wanaosimama kwa kichwa si lako. Wapo pia wazee wanaohofia kwamba yoga inagongana na dini yao. Wasilazimishwe. Pumzi, kunyoosha na utulivu vinapatikana bila jina hilo.

Kuzingatia kwa utulivu. Mpango wa wiki nane ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979 uliwalenga tangu mwanzo watu wenye maumivu sugu. Unamfundisha mtu kuyaona maumivu bila kupigana nayo kila dakika. Mtandaoni yapo matoleo ya bure na ya kulipia, na ya bure yanatosha kuonja. Kikwazo kwa wengi ni lugha na bando.

Mazoezi ndani ya maji ya vuguvugu. Maji hubeba uzito, viungo hupata uhuru. Tafiti ndogo zimeonyesha maumivu kupungua. Lakini bwawa la vuguvugu ni adimu, kiingilio cha hoteli si haba, na baharini mawimbi hayamngoji mtu mwenye mwendo mzito. Bila mtu wa kukaa naye ndani ya maji, usilipe.

Mbinu za bei kubwa

Masaji ya kitaalamu. Hupendeza, na furaha ya mgonjwa si jambo dogo. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2002 uligawa watu 93 wenye Parkinson katika makundi matatu: la kwanza lilipata masomo 24 ya mbinu ya Alexander, ambayo humfundisha mtu kuachia mkazo asiouhitaji anaposimama, kukaa na kutembea, la pili lilipata masaji 24, la tatu halikuongezewa kitu. Waliofundishwa walijiona bora katika shughuli za kila siku, na faida ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Kundi la masaji halikuonyesha tofauti ya maana na wale ambao hawakuongezewa kitu. Hapo pia hawakupima maumivu peke yake, ila somo kwa mlipaji linaeleweka: kilichofundishwa kilidumu. Bahati mbaya, kumpata mwalimu wa Alexander Afrika Mashariki ni kazi, kwa hiyo wazo lake litafute kwa fiziotherapia.

Sindano za Kichina. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 uliohusu uchovu wa Parkinson uliwapa baadhi ya watu 94 sindano halisi na wengine sindano za kuiga. Makundi yote mawili yalipata nafuu, bila moja kulizidi jingine. Huenda kinachofanya kazi ni kupumzika na kuhudumiwa kwa upole, vitu ambavyo nyumbani havina bei. Ukiamua kwenda, hakikisha sindano inafunguliwa mpya mbele yako.

Mashine, mikeka ya umeme na programu za kulipia. Weka mwisho wa orodha. Asiyetumia mbinu ya bure kwa wiki nne hatatumia ya kulipia kwa mwaka.

Na dawa za maumivu za duka la dawa? Nyingi ni rahisi kwa kidonge, lakini diclofenac na jamaa zake zikimezwa kila siku huweza kuumiza tumbo na figo, na wagonjwa wengi ni watu wa umri mkubwa. Bei ya kidonge haijahesabu hayo.

Kwa mtazamo mmoja

– Pumzi ya polepole: bure; mlezi hahitajiki; bora kwa wasiwasi na usiku.
– Kulegeza misuli: bure, bora kwa shingo, bega na mgongo, mwenye distonia asikaze kwa nguvu.
– Rekodi ya sauti: bure, bora kwa tetemeko la wasiwasi, si kwa anayeona vitu visivyokuwapo bila ushauri wa daktari.
– Joto: karibu bure, bora kabla ya kunyoosha viungo, chunga kuungua na presha kushuka.
– Kuchuliwa nyumbani: bure kwa fedha, ghali kwa muda wa mlezi, nafuu ya muda mfupi.
– Fiziotherapia: bei ya kati, bora kwa maumivu ya misuli na viungo, thamani hupanda ukiendelea nyumbani.
– Taichi: bei ya kati hadi bure, bora kwa mizani, uwe na mtu karibu.
– Yoga ya kiti: bei ya kati, bora pale maumivu na huzuni vinapokwenda pamoja.
– Masaji ya kulipia: bei kubwa, raha ya kweli, nafuu fupi.
– Sindano za Kichina: bei kubwa, ushahidi dhaifu.

Bajeti tatu

Asiye na ziada: dakika tano za pumzi asubuhi na usiku, joto na kunyoosha begani mara moja kwa siku, rekodi ya mjukuu wakati wa kulala. Mazoezi yafanyike dawa ikiwa imeshika, wala si wakati mwili umekakamaa.

Mwenye kiasi: hayo yote, pamoja na vikao vitatu au vinne vya fiziotherapia, kisha kimoja kila baada ya miezi mitatu kurekebisha zoezi lililopotoka. Kabla ya kulipa taslimu, uliza bima. Tanzania uliza NHIF. Kenya uliza SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF yao Oktoba 2024. Uliza kwa jina la huduma, na idadi ya vikao vinavyolipiwa.

Mwenye nafasi: ongeza darasa la taichi au yoga ya kiti mara mbili kwa wiki, au mwalimu mmoja kwa wagonjwa kadhaa wanaochangishana. Vikundi vya wagonjwa, kama Parkinson's Si Buko cha Uganda, vimeonyesha kwamba wenye ugonjwa huu wakikutana wanapata pia watu wa kuwaelewa. Masaji yawe zawadi ya mara moja moja.

Maswali kabla ya kutoa pesa

Umewahi kumhudumia mtu mwenye Parkinson? Nitafundishwa nini cha kufanya mwenyewe? Nikilipia vikao kumi kwa mpigo nikashindwa kuendelea, narudishiwa? Kikao kinaweza kupangwa saa ambayo dawa yangu imeshika? Anayesema anaponya Parkinson, au anayekutaka uache vidonge ili mbinu yake ifanye kazi, amekwisha kujibu maswali yote: ondoka na pesa yako.

Na yapo maumivu ambayo hayangoji ulinganisho wowote. Maumivu ya kifua, maumivu baada ya kuanguka, mgongo unaouma pamoja na miguu kulegea au mkojo kumtoka mtu bila kujua, yote ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kwa mengine, chagua mbinu moja tu, ifanye kila siku kwa wiki nne, na endelea kuandika ile namba ya 0 hadi 10 kwenye daftari. Namba ikishuka kwa pointi mbili, au mgonjwa akilala vizuri zaidi, endelea. Isiposhuka, iache bila majuto ujaribu inayofuata, ukianzia upande wa bei ndogo. Ukichanganya nne kwa mara moja, hutajua ipi inakusaidia na ipi unailipia bure.